Kibao cha Herufi Nono

Jumatatu, 4 Machi 1912
Daftari, salamu. Mwanangu Salehe alinifundisha kuandika barua tu, kwa hiyo nakusalimu kama mtu. Mimi sijambo. Salehe hajambo, ila hali chakula, mbavu zinaonekana. Binti yangu Asia hajambo, jino linamsumbua. Mama mkwe hajambo, analalamika, ndivyo tunavyojua ni mzima. Kuku nao wazima.

Baada ya salamu, roho haijatulia. Mwaisha kahamia ng'ambo ya barabara, naye anakaanga vitumbua kama mimi. Bwana Ahmadi mwenye nyumba kasema Ijumaa atatazama nani ana wateja zaidi. Huyo atapewa baraza la nyumba yake linaloelekea stesheni. Mwenzake akae uani, karibu na choo. Nani atanunua kitumbua chooni? Wanangu watakula nini?

Nina mpango.

Jumanne
Nimekwenda kutaka kibao kwa Lukasi, anayechonga herufi za mti za kuchapia kule misheni. Akanionyesha nyembamba, zimenyooka. Nikasema hizo zina njaa kama Salehe. Nyuma ya mlango nikaona nyingine. Nono, zina matumbo na mikia, kama bibi harusi aliyevaa kila alichonacho. Lukasi akasema hizo ni za kizamani za Wajerumani, ndizo za matangazo ya serikali yanayobandikwa bomani. Nikasema basi zina heshima. Akakuna kichwa, akapaka wino. VITUMBUA VYA MAMA SALEHE, ubao mzima.

Jumatano
Kibao juu. Kizuri mno. Treni ikaingia, wapagazi wakaja wakifuata harufu. Wakaona kibao, wakasimama. Mmoja akanong'ona kuwa ni kodi mpya. Mwenzake akasema hapana, wanatafutwa watu wa kuvunja mawe. Nikawafuata na sinia, njooni wanangu, wakazidi mbio. Wakaishia kwa Mwaisha. Naye akaniuliza kutoka ng'ambo, siku hizi dada unakaanga kodi?

Alhamisi
Nimemsimamisha Asia chini ya kibao awasomee watu kuwa ni vitumbua tu. Watu wakasema maskini, serikali imemchukua hata mtoto. Askari akapita, akakipigia kibao saluti, akakaa kukilinda. Anayesogea anafukuzwa. Vitumbua tumekula wenyewe. Salehe kashiba, hilo nashukuru.

Ijumaa
Bwana Ahmadi katoka msikitini, katazama. Kwa Mwaisha watu hadi barabarani. Kwangu askari, amesinzia. Nimehamia uani.

Mwaisha kaniletea chai, kasema pole dada, kisha kakaa sana akilisifia baraza lake. Bwana Ahmadi kaomba kibao akitundike kwenye ghala lake, wezi wasisogee. Nimempa. Kilikuwa na kasoro, nimeshaiona: herufi zilikuwa nyeusi, tena ndogo.

Asia nimemtuma kwa Lukasi. Nataka kibao kingine, chekundu, kipana kama mlango, mikia irefushwe. Na juu achore yule ndege wa serikali, tai wa bomani, watu wasidhani ni biashara ya hivi hivi. Na Asia amwambie: Lukasi baba, niletee jibu upesi, kabla Mwaisha hajakufikia kutaka kama hicho.