Terabaiti Mbili za Kumkomoa Latifu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimewasha laptop. Nimeoga, nimekunywa chai, nimemwagilia mchicha. Narudi: kiduara bado kinazunguka! Na Jumamosi ukoo mzima unakutana Kisarawe kutazama video ya harusi ya Naila, shemeji yangu. Mzee Pazi, baba mkwe, siku ile alikuwa amelazwa. Mdogo wake ndiye aliyeozesha. Mpaka leo Mzee hajamwona binti yake akiolewa. Video ninayo mimi, mwenyekiti wa kamati. Peke yangu. Sijampa mtu nakala. Mwenye video ndiye mwenye shughuli.

Latifu, bwana harusi mwenyewe, amepiga simu. Shikamoo kaka nyingi. Akasema atakuja na laptop yake, inawaka mara moja. Kiburi! Mimi nimeoa dada mtu, yeye mdogo mtu, halafu laptop yake itangulie? Nikamwambia asijisumbue. Nimeamua: diski ya zamani inang'oka, inaingia SSD, diski ya kisasa yenye kasi.

Jumanne, 10 Juni

Siku nzima ofisini nimesoma habari za SSD. Bosi amenisifu kwa utulivu. Kumbe zina maumbo: zipo bapa, zipo nyembamba kama jojo. Yangu inataka bapa. Saida, mke wangu, anasema ndogo tu inatosha, mradi itoke dukani na iwe na dhamana. Nikamuuliza ya Latifu ina ukubwa gani. Gigabaiti mia tano na kumi na mbili. Basi, shauri limekwisha. Kubwa kuliko hiyo!

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Terabaiti mbili, karibu mara nne ya ile ya Latifu! Kwa bei ya ile ndogo! Muuzaji ni wa mtandaoni. Hana duka, hana risiti, hana dhamana, ila ana lugha nzuri. Ananiita bosi wangu. Imeletwa jioni hii hii. Saida ameishika, akauliza mbona nyepesi kama boksi tupu. Nikamweleza kwamba teknolojia ikikua, uzito unapungua. Akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 12 Juni

Raudha, fundi wa Maili Moja, ameifunga na kuhamisha kila kitu. Akataka kwanza aipime kama kweli ni terabaiti mbili. Nikakataa. Kompyuta yenyewe inasema mbili, sisi ni nani tubishe? Inawaka kabla sijakaa vizuri!

Akaniasa diski ya zamani niiweke kabatini mpaka shughuli ipite. Nina wazo bora. Nimeifuta, ile njia ya haraka, nikaifunga kwa karatasi ya maua. Zawadi ya Latifu! Ajue kwamba ninachotupa mimi ndicho kinachomfaa yeye.

Ijumaa, 13 Juni

Latifu amepita hapa kwetu Pangani, jirani na Maili Moja. Ameipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka mlangoni. Hakugundua kwamba ametukanwa. Inaudhi sana. Saida ameuliza kama nimeitazama video mpaka mwisho. Sijaitazama. Utamu wa kesho siuanzi leo.

Jumamosi, 14 Juni

Kisarawe. Pilau. Mzee Pazi kanzu mpya, kiti cha mbele kabisa. Laptop ikawaka papo hapo. Nikageuka kuangalia kama Latifu ameona. Naila akatokea mlangoni, shela lake, shangazi zake, vigelegele, akapiga hatua mbili tatu... Giza. Nikarudia. Giza!

Mzee akauliza taratibu, "Hashiru mwanangu, ndiyo imeisha?"

Nikasema inapumzika.

Latifu akaomba aitazame. Akapima. SSD yangu ni kadogo, kameandikwa uongo. Kakijaa, kinachozidi kinapotea. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Akaenda kwenye gari, akarudi na zawadi yangu, karatasi ya maua bado imeing'ang'ania. Akaiunganisha na laptop yake, ambayo alikuja nayo licha ya kukatazwa, akaanza kufukua. Alisema ukifuta kwa haraka vitu havitoki, vinafichika tu. Tukakaa. Alasiri ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali wakarudi. Mzee hakutaka hata chai.

Ghafla Naila akatokea tena kwenye kioo. Akaingia ukumbini. Akawa anageuza shingo huku na huku, anatazama viti vya wazee kimoja kimoja.

"Kumbe ulikuwa unanitafuta," Mzee akasema. Akamshika mkono Naila, aliyeketi ubavuni mwake, wakalia wote wawili. Saida naye. Kwangu mimi lilikuwa vumbi tu la Kisarawe, liliniingia machoni.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari kwa kina. Nisingetoa ile zawadi, video ingepatikana wapi? Na nisingeifuta kwa haraka, je? Kwa hiyo aliyeiokoa ni nani? Hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Sina kinyongo. Nimeandika kwenye kundi la familia: kila mtu aniletee picha na video zake zote, nizitunze mahali pamoja. Kisha afute za kwake, tusije tukachanganya mambo.

Latifu amesoma. Hajajibu. Wivu!