Mfuko Mweupe wa Havrevig

"Kuanzia tarehe mosi Desemba, hakuna ndege yeyote atakayehesabiwa kuwa ameonekana katika wilaya ya Havrevig mpaka awe ameonekana na Mwenyekiti."

Tangazo hilo lilisomwa na Mwenyekiti mwenyewe, Torkild Overgaard, akiwa amesimama wima katika chumba cha nyuma cha maktaba, mbele ya wanachama kumi na mmoja wa Klabu ya Watazama Ndege. Wanachama walikuwa wanakula keki ya mdalasini. Hakuna aliyeacha kutafuna. Vibeke Lauge, katibu wa klabu, aliliandika neno kwa neno. Alikuwa muuguzi mstaafu mwenye mwandiko unaosomeka, na kwa miaka sita ya ukatibu hakuwahi kuruka hata nukta.

Lazima isemwe kwamba Mwenyekiti alikuwa na sababu zake. Majira ya baridi yaliyopita, ndege walionekana Havrevig ovyo ovyo. Mwanachama mmoja alimwona korongo kupitia dirisha la bafuni, akiwa ndani ya maji na povu. Mwingine aliona kundi zima la mabata akiwa anaanika shuka. Watu waliona walipotaka, wakaandika walichotaka, na klabu ikawa kama soko. Torkild alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika idara ya alama za barabarani ya manispaa, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyekata kushoto Havrevig bila ridhaa yake. Hakuona kwa nini ndege waachwe wajiamulie.

Kwa hiyo akatunga Kanuni za Matembezi ya Majira ya Baridi, kurasa ishirini na mbili. Mwanachama akiona ndege asipige kelele. Atanyoosha mkono, ataomba nafasi, atataja upande, kisha umbali, kisha jina la ndege anayemshuku. Hapo Mwenyekiti atageuka na kuangalia. Ndege akiwa bado yupo, atathibitishwa.

Matembezi ya kwanza yalifanyika bandarini, upepo ukikata masikio. Gudrun Bek, mama mnene aliyewahi kuwa na bucha, ndiye aliyeanza kunyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Umepewa."

"Kaskazini, mita arobaini, nashuku mnandi."

"Umesema mita ngapi?"

"Zilikuwa arobaini. Sasa ni mia mbili. Sasa ameshakwenda zake, Mwenyekiti, nadhani yuko Uswidi."

"Hajathibitishwa," alisema Torkild. "Anayefuata."

Siku hiyo bandari ilikuwa imejaa mabata wasiopungua elfu moja. Waliothibitishwa walikuwa wawili: shakwe mwenye mguu mbovu, na bata maji aliyekuwa amelala. Katika taarifa yake Mwenyekiti aliyaita matembezi hayo ushindi mkubwa wa nidhamu.

Vibeke hakuwa mtu wa ugomvi. Wodini alizoea kwamba dawa isiyoandikwa kwenye karatasi ni dawa isiyotolewa, na alipenda mambo yaliyoandikwa vizuri. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kinamshika mkono kila mahali palipoteleza kwa barafu. Kilikuwa Mzee Asger Thorup.

Asger alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alikuwa fundi wa kujenga mabomba ya moshi, na juu ya mapaa ya watu ndiko alikojifunzia ndege. Jicho la kulia lilikuwa limeshapofuka. La kushoto, daktari alimwambia bila kuzungukazunguka, lingemfikisha majira ya kuchipua, na baada ya hapo asitegemee. Alikuwa ameona karibu kila ndege anayepita pwani ile, isipokuwa mmoja: bundi wa theluji, yule mweupe mkubwa wa kaskazini kabisa, ambaye hushuka mara chache mno, na akishuka huwa anakwenda kwa watu wengine.

"Mwaka huu nina jicho moja, na lenyewe la mkopo," alimwambia Vibeke. "Akichelewa, atakuja kunitazama mimi."

Matembezi ya tatu yalikuwa Januari, kwenye tuta la kuzuia bahari, saa nne asubuhi, baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri. Malisho nyuma ya tuta yalikuwa meupe hadi upeo wa macho, na uzio wa nguzo ukiyakata katikati. Torkild alipanda ngazi ya lango la maji ili aonekane vizuri, akayapa mgongo malisho, akawaelekea wanachama, akafungua jalada.

"Sehemu ya nne," alisoma. "Mwenendo wa Mwanachama Awapo Karibu na Ndege."

Ndipo bundi wa theluji alipokuja na kutua juu ya nguzo ya tatu, mita thelathini nyuma ya kichwa cha Mwenyekiti.

Hakuja kwa kishindo. Alishuka tu kama shuka linalotandikwa, akakunja mbawa, akakaa. Watu kumi na mmoja walinyamaza kwa mpigo. Kanuni ya tisa ilikuwa wazi: wakati wa kusomwa kwa Kanuni, hakuna kunyoosha mkono. Basi mikono ikabaki mifukoni, midomo ikabaki wazi.

Torkild aliinua macho akawatazama. Katika miaka yake yote ya uongozi hakuwahi kusikilizwa namna ile. Gudrun alikuwa hapepesi macho. Mtu mmoja alikuwa ameshika kikombe cha kahawa karibu na mdomo na amesahau kunywa. Mwenyekiti aliguswa. Akapunguza mwendo wa kusoma, na alipofika mwisho wa sehemu ya nne, akaona si haki kuwanyima kiambatisho.

Asger alikuwa ameinama kwenye darubini yake ya miguu mitatu.

"Bi Vibeke," alinong'ona. "Niambie ukweli. Ni yeye, au ni jicho linanichezea?"

"Ni yeye, mzee."

"Macho yake?"

"Ya manjano."

"Ananitazama?"

"Anakutazama wewe tu."

Asger alizidi kuinamia darubini. Chozi lilimtoka kwenye jicho zima, likafika nusu ya shavu, likaganda.

"Kuna maswali?" aliuliza Torkild akifunga jalada.

Mikono kumi na mmoja ikapaa kwa pamoja. Bundi naye, ambaye labda alidhani mkutano umekwisha, akapaa. Torkild alipogeuka alikuta nguzo tupu na malisho matupu.

Kikao cha dharura kilifanyika maktaba saa nane mchana. Mwenyekiti alisikiliza ushahidi wa watu kumi na mmoja, wote ukilingana, jambo ambalo kwake lilitia shaka zaidi.

"Tusiharakishe," alisema. "Kuna kitu cheupe. Hilo silikatai. Bi Katibu, andika: kitu cheupe kilikuwa juu ya nguzo, kisha kikaruka."

"Akaruka," alisema Asger.

"Kikaruka, mzee. Ni kitu."

"Kitu gani kina macho mawili na manyoya mpaka kwenye vidole?"

"Mfuko wa plastiki," alisema Torkild, na uso wake ukatulia, kama mtu aliyepata mahali pa kuchomeka alama. "Mifuko ya plastiki ni mingi sana sehemu zile. Andika, Bi Katibu: mfuko mweupe wa plastiki ulikuwa juu ya nguzo, kisha ukaruka."

"Akaruka!" Asger alipiga meza.

"Ukaruka."

"Aligeuza shingo akanitazama!"

"Upepo."

"Hapakuwa na upepo," alisema Gudrun.

"Basi uliruka wenyewe. Plastiki za siku hizi nyepesi mno. Weka nukta, Bi Katibu. Mwenyekiti amejiridhisha."

Vibeke aliweka nukta. Torkild akasaini, akagonga muhuri, akatamka kwamba muhtasari huo, kama mihtasari yote, usibadilishwe na mtu yeyote kabla ya mkutano mkuu wa Machi. Asger alikuwa ameshasimama, anavaa kofia yake. Keki yake ilikuwa haijaguswa.

"Miaka sabini nimemsubiri," alimwambia Vibeke mlangoni. "Amekuja kweli, nikiwa bado naona. Halafu ninapewa mfuko."

Vibeke alirudi kwenye kiti chake na karatasi zake. Alijisikia vibaya kama siku ile wodini alipomchoma mgonjwa sindano isiyo yake, ingawa mgonjwa yule alipona. Kwa utaratibu, nakala za muhtasari zilipaswa kwenda ubao wa maktaba, gazeti la wilaya, na manispaa, kila mara, ili umma usipotoshwe. Zamani manispaa hawakuwa wakizisoma. Lakini Vibeke alijua kwamba bundi huirudia nguzo anayoipenda. Kisha, kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu, akaambatisha ukurasa mmoja kwenye nakala ya manispaa: mfuko husika hukaa nguzo ya tatu kutoka lango la maji, huonekana asubuhi, kuanzia saa tatu na nusu, tafadhali uondolewe. Akaielekeza kwa idara ya usafi.

Sasa, sheria ya manispaa kuhusu plastiki kwenye malisho ya hifadhi haina mchezo: ndani ya siku mbili iwe imetoka. Jumanne asubuhi idara ilimtuma Sanne Kvist, mfanyakazi wa usafi mwenye gari la kijani, koleo refu la kuokotea taka, na ratiba iliyojaa. Saa nne kasorobo simu ya Vibeke ililia.

"Mama, wewe ndiye katibu wa hawa wa ndege?"

"Ndimi."

"Niko kwenye nguzo yenu. Huo mfuko wenu una makucha."

"Nini tena?"

"Makucha! Nimeusogezea koleo, umenifungulia mdomo ukanikoromea. Mimi ninalipwa kuokota, silipwi kung'atwa. Nifanyeje?"

"Una simu yenye kamera?" aliuliza Vibeke.

"Ninayo."

"Basi rudi nyuma taratibu, mwanangu, uupige picha. Kwa ajili ya kumbukumbu."

Picha ilikuwa nzuri kuliko picha zote za bundi wa theluji zilizowahi kupigwa na watu wenye vifaa vya kupigia. Alikuwa amejaa fremu nzima, amefumba jicho moja, na ncha ya koleo la manispaa ikionekana pembeni. Sanne aliituma kwa bosi wake kama ushahidi kwamba kazi imeshindikana, na bosi wake akaituma kwa watu wote aliowahi kuwajua. Kufikia mchana ilikuwa imefika Kopenhagen. Kufikia Alhamisi Havrevig haikuwa na kitanda cha wageni kilichobaki, na mwokaji mikate alikuwa amechapa tangazo la mikate myeupe yenye umbo la bundi.

Torkild alimfuata Vibeke nyumbani, ana jalada kwapani.

"Bi Katibu, kuna kosa dogo la uchapaji kwenye muhtasari."

"Liko wapi?"

"Pale palipoandikwa mfuko."

"Ni kosa kubwa kwa uchapaji, Mwenyekiti. Herufi nyingi."

"Wewe badilisha tu. Andika kwamba Mwenyekiti alimtambua bundi, lakini akaficha habari kwa usalama wake."

"Ningependa kusaidia," alisema Vibeke, na karibu ajiamini mwenyewe. "Lakini umesaini kwamba haubadilishwi na mtu yeyote mpaka Machi. Wewe ni mtu, Mwenyekiti?"

Torkild alifungua jalada, akapekua kurasa zote ishirini na mbili. Lilikuwa swali ambalo Kanuni hazikulijibu.

Jumamosi tuta lilijaa. Watu zaidi ya mia nne walijipanga kimya kwenye theluji, darubini kwa darubini, na mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja chenye ngozi ya kondoo, alikaa Mzee Asger. Wataalamu wa taifa walikuwa wameshamthibitisha bundi, na kwenye orodha yao jina la aliyemtambua wa kwanza lilikuwa la Asger Thorup, fundi wa mabomba ya moshi. Meya mwenyewe, Lone Bruhn, alikuwa anammiminia kahawa.

"Yupo bado?" aliuliza Asger.

"Yupo," alisema meya. "Anajikuna."

"Nimeona. Nilitaka kujua kama na wewe umeona."

Torkild alifika na jalada lake. Mwandishi mmoja wa gazeti alimsogelea akamnong'oneza, "Samahani, wewe ndiye Bwana Mfuko?" Torkild alimpita. Alipanda ngazi ya lango la maji, akakohoa, akainua mkono.

"Ndugu meya, ndugu wageni, kwa niaba ya klabu ambayo mimi ni mwenye..."

"Shhhh!" walisema watu mia nne.

Sauti haikuwa kubwa, lakini ilitoka kwa wengi mno. Hata meya alitoa yake, kidole mdomoni. Gudrun aliongeza kwa kunong'ona: "Teremka huko, baba, unamziba!"

Torkild akateremka. Alisimama mkiani mwa watu, shingo amenyoosha, lakini mbele yake palikuwa na migongo tu. Ilimchukua nusu saa ya kujipenyeza kimya kimya, akisema samahani, akisema naomba nipite, mpaka akafika pembeni mwa kiti cha Asger. Mzee alimtazama kwa jicho lake moja. Kisha akaisogeza darubini upande wake.

"Inama," alisema. "Usiuguse mguu."

Torkild aliinama. Kule mwisho wa bomba la darubini, bundi aligeuza kichwa chake polepole, akamtazama Mwenyekiti moja kwa moja kwa macho ya manjano, akafumba, akafumbua.

"Amenitazama," alisema Torkild.

"Nani?" aliuliza Asger.

"Yeye."

"Ahaa," alisema Asger, akarudi kwenye kahawa yake.

Vibeke alikuwa ameweka daftari juu ya kasha la mkate ili kila aliyemwona bundi aandike jina lake, kwa zamu, na penseli imefungwa kwa kamba. Torkild alipanga foleni. Mbele yake alikuwepo mwanamke aliyekuwa safarini kwenda kwa dada yake, aliyesimamisha gari akidhani watu wale wanasubiri choo. Mwanamke huyo aliandika jina lake namba mia nne na kumi na mbili, akasema ndege ni mzuri, akauliza choo kiko wapi basi.

Torkild akashika penseli. Aliandika jina lake kamili kwenye namba mia nne na kumi na tatu, kisha akaupitisha ukurasa kwa kidole, kutoka kushoto hadi kulia, akitafuta nafasi ya kuandikia cheo.

Haikuwepo.

"Vipi, bwana," alisema mtu nyuma yake, akipuliza mikono kwa baridi, "umemaliza?"