Idara ya Shabaha Halisi

Studio moja ya Hollywood ilitangaza, kwa tarumbeta na mbele ya waandishi wa habari, kuanzishwa kwa Idara ya Shabaha Halisi. Kuanzia sasa, alisema mwenye studio, Bwana Lemuel Strand, hakuna kauboi atakayeua mtu kwa bastola iliyo kiunoni huku farasi akitimua mbio. Atasimama, atapanua miguu, atainua bastola usawa wa jicho, atabana pumzi na kuvuta kifyatuo taratibu. Asiyefanya hivyo atahesabiwa amekosa. Waandishi wakapiga makofi sana, maana wiski ilikuwa ya bure.

Aliyeumia ni Odell Crabtree. Kazi yake ilikuwa kufa. Miaka nenda rudi alikuwa akianguka kutoka juu ya mapaa, farasi na ngazi za baa, na vifo hivyo ndivyo vilivyomlisha yeye na mkewe, Nadine.

Siku sheria ilipoanza, kauboi alipita mbio akifyatua risasi baridi, na Odell akaporomoka kutoka juu ya paa kwa ustadi wake wote. Mkaguzi wa Idara, Bwana Pettibone, akapuliza filimbi.

"Inuka! Hujapigwa."

"Mzee, mimi nimeshakufa."

"Umekufa bila kibali. Mpigaji alikuwa juu ya farasi. Kitaalamu, risasi imeenda Nevada."

"Sasa malipo yangu?"

"Walio hai hawamo kwenye bajeti ya vifo."

Wiki haikuisha, Nadine akawa anapakua maharage yasiyo na hata harufu ya nyama. "Odell," alisema, "hebu jitahidi ufe kama zamani."

Bahati ikamwangukia. Alipewa nafasi ya jambazi katika pambano la mwisho, na kifo hicho hakikuwa na shaka hata chembe: sherifu alikuwa Bwana Strand mwenyewe, ambaye hujifanya stelingi mwishoni mwa kila filamu yake. Waandishi waliitwa waje kushuhudia utaalamu.

Strand akachomoa bastola, akafyatua kutoka kiunoni kama alivyozoea, macho kayafumba kwa kuogopa mlio. Odell, kwa kuogopa filimbi, alipanua miguu, akalenga, akabana pumzi, akavuta taratibu.

Filimbi ikalia vilevile.

"Mheshimiwa, umekosa," alisema Pettibone.

"Nani kakosa?"

"Wewe. Mwenzako hakukosa. Kwa masikitiko makubwa ya Idara, umekufa."

"Pettibone! Unamjua anayekulipa mshahara?"

"Namjua. Ni marehemu."

Kalamu za waandishi zilikuwa zinakimbia. Strand akawatazama, akajilaza vumbini polepole, kama mtu anayejaribu kitanda cha hoteli. Odell akabaki wima barabarani, mzima, hajui afanye nini na uhai, mpaka mwongozaji alipomnong'oneza apande farasi aende zake.

Filamu ilipoonyeshwa, watu waliinuka vitini kwa shangwe sherifu alipoanguka, wakataka irudiwe. Idara ilivunjwa asubuhi yake, lakini maji yalikuwa yameshamwagika: wenye majumba ya sinema hawakutaka tena filamu ambayo Strand hafi.

Odell akapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Vifo, na mwanafunzi wake ni mmoja.

"Goti kwanza, bosi, halafu bega. Na usichungulie, maiti hachungulii."

"Mgongo unaniua, Odell."

"Huo hauna kibali. Haya, inuka, ufe tena."