Nyumba Yenye Mkia

Jamaa zangu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya mtu ambaye sikutakiwa kumwona hata kisogo.

Mnajua mvua ya mawe ilivyonifanya. Ukuta wangu wa magharibi niliufunika kwa vibao vyembamba vinavyolaliana, kama nilivyoona kwenye nyumba ya mzungu wa shamba la pareto. Vikapasuka, maji yakaingia mpaka kitandani. Habari ikafika Kalembe kwa mama yake Anastazia, mchumba wangu. Akasema waziwazi kwamba mwanawe haolewi penye kulowa. Basi ndoa yangu yote ikawa inategemea ukuta.

Asubuhi nikaacha kwenda sokoni ili niutengeneze. Ukungu ulikuwa umeifunika Nyabiondo yetu yote. Shati langu la pekee lilikuwa kwenye kamba, nimelifua kwa ajili ya misa ya kesho. Nikavaa lile koti refu la askari ambalo kaka yangu alirudi nalo kutoka vitani, juu ya suruali iliyopasuka nyuma. (Nani angeniona? Ukungu wote ule!)

Nikang'oa vibao vilivyovunjika, nikapanga vipya kutoka chini kwenda juu, kila kimoja kikifunika kichwa cha mwenzake. Mbao mbichi zinanukia, jamani! Nyundo ikanibembeleza. Ko, ko, ko. Nikamwona Anastazia ndani ya nyumba, anachochea moto, maharagwe yanachemka. Ko, ko. Moshi unatoka taratibu, unachanganyika na ukungu, naye ananiita nikale. Sikujua tena kama napigilia au nimelala. Nilikuwa na furaha, sifichi.

Mara nikasikia sauti yake kweli.

"Mama, tuangalie mbiyo-mbiyo. Mwenye nyumba iko ku soko."

Mama mkwe! Kwetu ukimwona njiani unaingia vichakani mpaka apite. Kuongea naye ana kwa ana ni mwiko. Nikaruka kutoka kwenye gogo nililokuwa nimesimama juu yake, nikimbie.

Sikufika popote. Pindo la koti lilikuwa chini ya vibao. Nimejipigilia mwenyewe ukutani! (Misumari ilishika vizuri, lazima niseme.)

Nivue koti? Kifua wazi, na huko nyuma mnakujua. Nikaokota kibao, nikajifunika uso.

Nikasikia mama mkwe akivuta kitenge chake kujifunika uso naye. Adabu anayo. Kwa kuwa hakuweza kuongea na mimi, akaongea na nyumba.

"Nyumba, jambo."

Ningefanyaje? Nyumba ikajibu.

"Jambo, Mama."

"Mvua inaingiaka tena?"

"Hapana, Mama. Haiingiake tena."

"Na uko unatetemeka juu ya nini?"

"Njo baridi, Mama."

Pembeni mwa kibao nikamwona Anastazia ameketi chini kwenye majani, anacheka mpaka machozi. (Na huyu ndiye ninayemtaka!)

"Nyumba, na huu mukia yako?"

Kumbe mama mkwe alichungulia. Nikajua mke nimemkosa, na kosa ni la kuota mchana.

Mama mkwe akagonga vile vibao vipya, kimoja kimoja.

"Basi ambia ule mwenye kukujenga," akasema. "Kama yeye mwenyewe anashindwa kutoka mu hii ukuta, mvua itapitia wapi? Akuye asemeshe papa ya Anastazia."

Nimeitwa kwa baba yake, yaani ndoa ipo! Wakaondoka, ukungu ukawameza. Nikasimama pale nimefunika uso, nacheka na kulia peke yangu.

Pindo nimelikata kwa panga. Ningeng'oa vibao ningeikaribisha mvua tena, kwa hiyo kipande kiko pale pale, kinapepea.

Mkipita kwangu mkaiona nyumba yenye mkia, nawaomba msicheke. Isalimieni kwa adabu, maana ndiyo iliyoniposea mke.