Namba Kumi na Moja Inawasha Hita

Ndugu Katibu,
Timu ya Maveterani, Kiwanda cha Mikate.

YAH: KUBADILISHIWA NAMBA YA JEZI KABLA YA JUMAMOSI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila natoka jasho.

Utakumbuka nilipostaafu kazi ya tanuri mlinizawadia kile kipimajoto cha chumba cha unga, chenye tarakimu nyekundu kubwa. Nilikitundika sebuleni, kando ya mlango wa jikoni, usawa wa kifua. Wiki tatu zilizopita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule fundi simu, alituonea huruma kwa baridi hii. Akaweka simu kuukuu juu ya kabati, kamera yake ikikikodolea macho kipimajoto. Kamera inasoma namba, nyumba inatii. Zikishuka chini ya ishirini na mbili, hita inawaka. Zikipita ishirini na sita, feni inazunguka. Jamani, tulipiga makofi.

Sasa, Katibu, kila niendapo jikoni naipa kamera mgongo. Na mgongoni nina nini? Kumi na moja, kubwa, nyeupe, mliyonipa ninyi wenyewe. Kamera inaona nyuzi kumi na moja, hita inawaka yote, na ikishawaka haizimi mpaka nusu saa iishe. Shemeji anasema ni kulinda mashine. Sisi wa kutulinda hatujampata.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu ni fundi cherehani na wateja wake hupimia nguo sebuleni. Jumatatu nilifuata chai jikoni mara nne. Kinamama watatu waliokuwa wakipimwa magauni walilowa jasho chapachapa, kila mmoja akadhani ni mambo ya umri wake, akanyamaza. Magauni yaliwanata mwilini kwa jasho, hakuna hata moja lililowatosha.

2. Kipa wetu Komeo alikuja kunitembelea. Unajua anavaa 24. Alizunguka nyumba nzima, akafika hadi jikoni akafunua sufuria, na nyumba ikatulia tuli. Mke wangu akaniuliza, mbele yake, kwa nini mimi siwezi kuwa kama Komeo. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Katibu! Komeo, aliyefungwa mabao saba na timu ya posta! Iliniuma, nasema wazi.

3. Beki wetu wa akiba, namba 40, naye akaja. Feni ilifyatuka kwa kasi ya mwisho, karatasi za vipimo zikatawanyika chumba kizima. Matokeo yake, mkono wa gauni la bibi harusi umeshonwa kwenye koti la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu kaupenda. Bibi harusi ndiye analia.

4. Shemeji akashauri niivae jezi ndani nje. Namba inaonekana mpaka upande wa pili, na kumi na moja uigeuze utakavyo ni kumi na moja tu. Basi akasema niwe naenda jikoni kinyumenyume. Nikaenda. Nikaikalia pasi. Ndiyo sababu sikucheza Jumamosi iliyopita. Yale mafua niliyokuandikia hayakuwepo.

Utauliza kwa nini nisiivue tu. Ng'o! Jezi niliyofungia bao la fainali haivuliwi kwa amri ya simu. Lakini mke wangu amenipa mpaka Jumamosi: ama jezi iingie sandukuni, ama nihamie kwa Komeo nikajifunze utulivu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nipewe 24 na Komeo achukue 11, maana kwake hakuna hita. Mwanachama yeyote anayekuja kwangu avae namba kati ya 22 na 26. Na ikionekana huo ni upendeleo, basi timu nzima tuvae 24. Mwamuzi atatutofautisha kwa vitambi.

Nisalimie kocha, washika vibendera na mama anayetufulia jezi. Hata Komeo msalimie, kidogo.

Ni mimi, nikijifuta jasho,
Tanuri, winga wa kushoto.

N.B. Katibu, usiifikishe barua hii kwenye kamati. Nilitoka kununua bahasha, jezi nikaiacha kwenye kamba ikikauka. Kurudi, nachungulia dirishani, namwona mke wangu kaivaa juu ya sweta. Anasimama mbele ya kipimajoto, anaipa kamera mgongo, anasubiri hita iwake, kisha huyo, anarudi kwenye cherehani akisugua mikono. Wala hakubahatisha, alifanya kama mtu mwenye uzoefu wa wiki tatu. Na lile sanduku anamotaka niiweke, ufunguo anao yeye.

Nilirudi hadi getini, nikakohoa kwa nguvu, nikaja upya polepole ili awahi kuivua. Leo hii naiweka sandukuni. Mimi nipeni nyingine, namba ile ile. Na mwambie Komeo asithubutu kukanyaga hapa mpaka baridi iishe: akisimama pale na 24 yake, mke wangu ataganda.