Pete Iliyogeuka Titani

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, saa nne asubuhi, ndipo mambo ya Javan yalipoharibika, naye akadhani yamenyooka.

Alikuwa amefagia chumba cha meno hospitalini miaka sita, mpaka wakubwa wakampunguza kazini bila kupunguza matumbo yao. Sasa alikuwa daktari, nyuma ya mashine ya kusaga posho pale Homa Bay. Kwenye sinia, sampuli za meno bandia: kipande cha spoku ya baiskeli, jina lake titani, kigae cha sahani, jina lake kauri, na pete ya marehemu mkewe, dhahabu kweli. Pete ilikuwa ya kuvutia wateja watoe malipo ya kwanza tu. Kuiuza, hapana. Mama wa watu alifia wodini ambako hata glavu unajinunulia. Pete ndiyo iliyobaki.

Akaingia Mama Nyangi, mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Masara. Meno sita ya chini aling'olewa akiwa msichana, kama desturi, na mfupa wa taya ukaisha polepole ukabaki ukingo.

"Taya kama hili, kauri itapasuka," Javan akasema kwa sauti ya kanisani. "Titani, mfupa unaishika kama mzizi. Lakini dhahabu, Mama! Ni ya mawaziri."

"Ndiyo wanatafunia nchi, nyathina, mwanangu?"

"Hiyo hiyo."

"Lete nipime."

Akatoa kichupa, akadondosha tone zito linalong'aa, akasugua. Pete ikawa nyeupe kama sufuria.

"Pole, Daktari. Hii si dhahabu."

Miaka kumi na mbili amelinda sufuria! Javan alimlaani moyoni sonara aliyemuuzia, halafu akili ya kazi ikaamka.

"Mama, una macho. Hiyo ni titani yenyewe. Nilikuwa nakujaribu."

"Basi naichukua. Si mfupa wangu unataka titani?"

Akalipa shilingi mia tano, akaondoka na pete, akaahidi kurudi Ijumaa kuwekewa. Javan alicheka hadi machozi.

Ijumaa hakuja. Wiki ya tatu, mchimbaji mwenye jino bovu, aliposikia kisa, ndiye aliyemfungua macho: "Hiyo ni zebaki, bwana. Inashika dhahabu, inaifanya nyeupe. Choma kwa moto, rangi inarudi."

Javan alifika Masara akihema. Polisi? Angewaambia aliuza nini, akiwa nani? Mama Nyangi alikuwa kibandani kwake, wateja wamejaa, na mdomoni mwake, kwenye pengo la chini, kitu cha njano kinawaka.

"Huyu ndiye daktari wangu!" akapaza sauti. "Fundi wa Kisumu aliigeuza pete kuwa jino, akanifungia tu kwa waya, lakini mali ilitoka kwake. Waambie watu, nyathina: uliniuzia titani ama dhahabu?"