Malalamiko Kuhusu Kimeta Ambacho Hakikufika

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

YAH: DAKTARI LEONIDA KUTANGAZA UGONJWA, NA UGONJWA KUTOTOKEA

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na mimi ninayeandika nahusika zaidi. Naitwa Magige Waitara, mkulima na mfugaji wa huku pembeni mwa hifadhi, ukishaipita Robanda. Kamati ya kitongoji imenichagua niandike kwa sababu eti Kiswahili changu kimenyooka. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeumia kuliko wote, na ndiye pekee niliyekuwa na bahasha.

Tunaomba Dkt. Leonida wa kituo chetu cha afya ahamishwe. Sababu zetu ni hizi.

1. Alianza na kidonda kimoja. Mchungaji mmoja, Emanueli, alikwenda kituoni kutibiwa kikohozi. Daktari akakiacha kikohozi, akashika kidole. Kilikuwa na kidonda cheusi katikati kama kimechomwa na sigara, na hakimuumi. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kwamba hakiumi. Yeye akauliza, "Umechuna mnyama gani?" Emanueli akamtaja mnyama ambaye siwezi kumtaja katika barua ya serikali. Kesho yake daktari akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema hicho ni kimeta, kimetoka kwa wanyama wa porini, kitashika ng'ombe kisha kitashika watu, na kwamba kuanzia siku hiyo nyama ya kibudu isiliwe. Kwa kidonda kimoja, Mheshimiwa. Mimi nikiona siafu mmoja siwaambii watu wahame nyumba.

Tangu hapo ukimpa mkono kumsalimia anaugeuza juu chini kama anayenunua muhogo.

2. Ng'ombe wa Mzee Mokami. Lazima nikueleze desturi yetu. Ng'ombe akifa mwenyewe, hatumwachi mwenye mali peke yake na uchungu. Majirani tunafika na visu kumpa pole, na kila mmoja anarudi kwake na kipande cha pole hiyo. Kukataa ni kumtukana mfiwa. Mimi ndiye mchunaji, na mchunaji hupewa kidari. Cheo hiki sikukiomba, ila ukiutazama mwili wangu utaona nimekitumikia kwa uaminifu.

Basi ng'ombe huyo alianguka malishoni, akafa bila kuugua, damu nyeusi ikimtoka puani wala haigandi. Tulishakunja mikono ya mashati daktari alipofika na pikipiki. Akaamkia vizuri, "Shikamooni wazee wangu," halafu akasimama kati yetu na nyama.

"Binti," Mzee Mokami akamwambia, "huyu ng'ombe ulimfuga wewe?"

"Hapana, baba. Ila presha yako naifuga mimi, na sitaki kazi yangu ipotee bure."

Watu wakacheka. Mheshimiwa, ukishacheka huku umeshika kisu, hamu ya kuchuna inapungua. Akaamuru shimo refu na chokaa. Aliyelichimba ni Masanja, kijana wa Kisukuma aliyezoea mashimo ya dhahabu kule Nyakunguru, aliyekuja huku kumtembelea dada yake. Alilalamika hadi mwisho kwamba hajawahi kuchimba shimo la kuweka kitu.

3. Kutotuamini. Ng'ombe alipokwisha kufukiwa, daktari aliomba kiti kwa jirani, akakaa juu ya kaburi na chupa yake ya chai. Akakaa mchana kutwa. Nilipita pale kama mtu anayekwenda shambani, nikamsalimia.

"Mzee Magige," akasema, "shamba lako si liko upande ule?"

Nikamjibu natafuta mbuzi.

"Basi huyo mbuzi amekuogopa, maana kisu kinachungulia kwenye koti."

Ni aibu kwa mtu wa umri wangu kusomwa koti hadharani.

4. Harusi ya Hosea, mtoto wa dada yangu. Daktari alialikwa kama mgeni wa heshima, akaombwa aseme maneno mawili kwa maharusi. La kwanza lilikuwa hongereni. La pili lilikuwa, "Huyu mbuzi amechinjwa au alijifia?" Akapitisha picha ya kidonda kutoka meza hadi meza. Sijawahi kuona wali ukiliwa mtupu namna ile na watu waliokuja na njaa.

5. Chanjo. Alimsumbua Afisa Mifugo mpaka akaja. Ng'ombe wangu walichomwa sindano, na mmoja akanikanyaga mguu nikiwa namshikia mkia. Matokeo yake sasa hawafi. Nyumbani kwangu tunakula dagaa. Mke wangu, Wegesa, anamsifu daktari kwamba nimepungua, na hilo nalo naomba lihesabiwe kama lalamiko.

6. Hili ndilo kubwa, lilipaswa kuwa la kwanza. Ugonjwa haukuja. Nimezunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba nikiulizia, na kila mtu ni mzima. Emanueli amepona hadi kikohozi. Sasa mtu akikwambia mvua inakuja, ukafunga madirisha, na sakafu isilowe, wewe utajuaje kwamba mvua ilinyesha? Tumefukia nyama nzuri, tumeharibu harusi, tumekanyagwa, na hatuna hata mgonjwa mmoja wa kuonyesha.

Tena tumesikia kwamba alikotoka walimwandikia barua kama hii kwa ajili ya kipindupindu, ambacho nacho hakikufika.

Kwa hiyo tunaomba mojawapo:

(a) tuletewe kimeta kidogo, cha siku chache tu, chini ya uangalizi, ili tuamini, au

(b) daktari ahamishwe, aje mwingine anayesubiri watu waugue kwanza, kama utaratibu ulivyo.

Msalimie Afisa Mifugo, karani wako wa mapokezi, na mlinzi wa getini ambaye mara ya mwisho alinipa kiti.

Ndimi wako katika dagaa na uvumilivu,
Magige Waitara, kwa niaba ya kamati.

Nyongeza: Samahani kwa mwandiko kubadilika. Kuanzia hapa anaandika nesi Jenipha, maana mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Barua ilikosa wa kuipeleka, na wakati inasubiri nikaitwa ng'ambo ya mto, kwa shemeji zangu, ambako ng'ombe alikuwa ameanguka na hapakuwa na daktari wa kusimama mbele yake. Nilikwenda na nusu ya kamati kutoa pole. Nilichuna. Nikapewa kidari.

Kidonda changu ni cheusi na hakiumi. Wenzangu wamejaza vitanda vyote vya kituo. Daktari anasema tutapona kwa sababu tuliwahi, lakini tuliwahishwa na yeye. Alisikia habari za ng'ombe, akatufuata nyumbani mmoja mmoja kabla hatujajua kwamba tunaumwa. Hajalala vizuri tangu hapo, na bado anatuamkia.

Kwa hiyo ombi (a) lifutwe, nimejihudumia mwenyewe. Ombi (b) nalo lifutwe. Tunaomba chokaa, dawa, na daktari wa pili wa kumsaidia, ilimradi naye awe msumbufu.

Ningeichana barua hii, lakini imesainiwa na kamati nzima, na waliolala hapa wanaogopa waliobaki nyumbani. Shida ni kwamba gari la kuja huko kuchukua dawa ni moja, na anayekuja nalo ni yeye. Ameipokea bahasha akaniuliza, "Humu mna nini, baba?" Nimemwambia ni salamu. Jenipha amekohoa.

Ukiifungua mbele yake, tafadhali tabasamu kidogo, mwambie Magige anakusalimu, kisha umrudishe na gari hilohilo. Kesho asubuhi ni zamu yangu ya kubadilishiwa bandeji.